Amana Isiyorudishwa: Tahakiki ya Kitabu *Leben* cha David Wagner

Lugha yetu haikukosea ilipoyaweka machungu ya mtu katika maini yake. Mswahili aliyejeruhiwa kwa neno baya haridhiki kusema kwamba ameudhika. Husema neno lile limemkata maini. Kwa hiyo ini kwetu si kipande cha nyama cha kuchuja damu tu, bali ni mahali ambapo ulimwengu humfikia mtu ukamuumiza. Msomaji wa Kiswahili anayefungua kitabu juu ya mtu aliyeondolewa ini lake akawekewa la mwingine hana budi kuuliza swali ambalo tabibu haulizwi: maini yakiisha kubadilishwa, ni nani anayeumia, na ni nani anayeshukuru?

Kitabu ninachotaka kukipima katika insha hii ni *Leben* cha David Wagner, mtungaji wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1971. Kilitoka mwaka 2013, na mwaka huo huo kilipewa tuzo ya Maonyesho ya Vitabu ya Leipzig katika fungu la kazi za kubuni. Jina lake lina maana ya "maisha", na tena ni kitenzi, "kuishi". Nalo katika maandishi ya Kijerumani latofautiana na jina la ini, *Leber*, kwa herufi moja tu. Mtungaji mwenyewe aliugua ugonjwa anaousimulia, naye alipandikizwa ini mjini Berlin mwaka 2007. Walakini fungu alimopewa tuzo latuonya tusikisome kitabu hiki kama cheti cha hospitali. Mambo yalimpata mtu. Mpango wa kuyasimulia ni kazi ya sanaa, na kazi ya sanaa yahukumiwa kwa sheria zake.

Yafaa kwanza ugonjwa wenyewe uelezwe, maana pasipo kuujua hatuwezi kuona shida iliyomkabili mtungaji. Kila mwili una askari wake wa kuulinda dhidi ya vijidudu vya nje. Katika ugonjwa huu askari hao hulidhania ini la mwenyewe kuwa ni adui, wakalishambulia mwaka hata mwaka. Waldenström, tabibu wa Uswidi, alieleza habari za wagonjwa wa namna hii mwaka 1950, na mwaka 1965 Mackay na wenzake wa Australia waliandika juu yake kwa jina ambalo matabibu wanalitumia hata leo. Dawa za prednisoloni na azathioprini huwatuliza askari hao, na wagonjwa wengi huishi nazo miaka mingi. Zisipofaulu, makovu huchukua mahali pa nyama hai, ini likawa gumu, na damu iliyozoea kupita humo ikakosa njia. Hapo hutafuta vichochoro. Huingia katika mishipa midogo ya umio, ikaijaza hata ikapasuka.

Jambo hili ndilo linalompata msimulizi wa Wagner. Amerudi nyumbani usiku wa manane, amekula kidogo tufaha zilizopondwa, mara koo lamwasha, na katika chumba cha kuogea anatapika damu. Mtungaji wa daraja la chini angalitumia nafasi hii kupiga kelele. Wagner hapigi kelele. Anatazama. Sentensi zake ni fupi na baridi, kama za mtu anayehesabu vyombo katika nyumba inayoungua, na ubaridi huo ndio unaomtia msomaji hofu, kwa sababu anajua kwamba mtu asiyeshtuka ni mtu aliyekwisha kuzoea. Msimulizi ameishi na ugonjwa huu tangu ujana wake. Damu ni habari mbaya, lakini si habari ngeni.

Hapa ndipo twaiona shida ya mtungaji. Magonjwa mengine yana adui, na penye adui pana kisa: adui huja, hupigwa vita, hushinda au hushindwa. Ugonjwa wa mwili unaojila wenyewe hauna adui. Wayunani wa kale walisimulia habari za Prometheus, aliyefungwa jabalini kwa kosa la kuiba moto, tai akawa anakuja kumla ini lake, nalo likamea tena. Hadithi hiyo imewapendeza watu wengi wanaoandika juu ya ini, hasa kwa kuwa kweli ini lina uwezo wa kumea upya. Lakini kwa mgonjwa wetu haitoshi. Prometheus alijua kosa lake, na tai wake alionekana akitoka mbali angani. Huyu hana kosa, na tai ni yeye mwenyewe. Tena walimwengu huwa wepesi kumdhania kila mwenye ini bovu kuwa ni mlevi. Basi akosaye kosa hupewa kosa. Sifa moja kubwa ya *Leben* ni kwamba haikukubali kumzulia mgonjwa wake adui wala dhambi, ingawa kimoja kati ya hivyo kingalirahisisha sana kazi ya kutunga.

Mwenzangu mmoja aliyekisoma kabla yangu aliniambia kwamba kitabu hakina kisa. Alisema kimekatwakatwa vipande vidogo vyenye nambari, vingine aya moja, vingine mstari mmoja au miwili, na kwamba msomaji hutembea ndani yake kama mtu katika ujia wa hospitali ambao milango yake yote yafanana. Maneno yake ni kweli, ila nayahesabu kuwa ni sifa wala si lawama. Kisa kilicho tayari kwa habari kama hii twakijua sote: mtu alikuwa karibu na kufa, simu ikalia, ini likapatikana, akazaliwa mara ya pili. Ni kisa kizuri, nacho chafaa kwa hotuba za kuchangisha fedha. Lakini humwacha mgonjwa mlangoni, siku anapotoka hospitali, kana kwamba kuishi kumekwisha pale kunapoanza.

Tazama jinsi mambo yalivyo. Starzl alipojaribu kwa mara ya kwanza kumpandikiza mtu ini, huko Denver mwaka 1963, mgonjwa wake hakupona, na miaka mingi ilipita kabla kazi hiyo haijawa ya kutegemewa. Kilichozuia hasa ni askari wale wale tuliowataja, ambao humkataa mgeni. Dawa za kuwazuia zilipopatikana, aliyepandikizwa aliweza kuishi, lakini kwa sharti. Yampasa kumeza vidonge kwa saa zake kila siku ya maisha yake, kupimwa damu mara kwa mara, na kujihadhari na maradhi ambayo mtu mwingine angeyapuuza, kwa kuwa askari waliozuiwa wasiliguse ini jipya wamedhoofika pia mbele ya maadui wa kweli. Dawa zenyewe zaweza kuziharibu figo. Na ugonjwa wa awali waweza kurudi, ukalianza ini la pili kama ulivyolianza la kwanza. Maisha ya namna hii hayana kilele wala mwisho wa kufunga kwa wimbo. Ni siku moja, kisha siku moja. Vipande vya Wagner ni umbo la maisha hayo. Laiti angaliviunganisha kuwa kisa kimoja kilichonyooka, angalisema uongo kwa umbo hata kama kila neno lingalikuwa kweli.

Tena si kweli kwamba kitabu hakina visa. Vimo, ila ni vya watu wengine. Kitanda cha pili wodini hukaliwa na huyu na yule: muuza vinywaji mwenye siri za mapenzi, muuza nyama wa Lebanoni aliyeonja vita vya nchi yake. Hao husimulia, msimulizi husikiliza. Sehemu hizi kwangu ndizo bora kuliko zote. Kabla hajapokea ini la mtu mwingine, mgonjwa amekwisha kupokea maneno ya watu wengine, na maneno hayo yanamkalia ndani pasipo kukataliwa. Mtungaji hatuonyeshi fumbo hili kwa kidole. Ameliacha mahali pake, na mwenye macho ataliona.

Sasa nifike mahali ninapotofautiana naye. Ini lilitoka kwa maiti, na sheria ya Ujerumani humficha mpokeaji jina la marehemu, kama inavyowaficha jamaa za marehemu jina la mpokeaji. Ficho hilo lina busara: lawalinda wafiwa na lamlinda mgonjwa. Lakini humwachia mgonjwa deni lisilo na mdai. Msimulizi wa Wagner hulijaza pengo hilo kwa kubuni. Humwazia marehemu kuwa mwanamke, husema naye, hukaribia kumpenda. Najua wasomaji waliozipenda sana kurasa hizi, na kwa lugha ni nzuri. Hata hivyo zanitia mashaka. Maiti wa kubuni humridhia daima yule anayembuni. Hawezi kumkasirikia, wala kuwa mtu wa kuchosha, wala kuwa mzee mwanamume aliyekuwa akigombana na jirani zake. Marehemu wa kweli alikuwa na maisha yake ambayo hayakumhusu mpokeaji hata kidogo. Kumgeuza kuwa mpenzi ni kumchukulia kitu cha pili baada ya ini. Mtungaji analihisi jambo hili, kwa maana hafichi kwamba anaota. Lakini kuhisi kosa si kuliepuka.

Nadhani kosa hili limetokana na uhaba wa maneno, nao si wa Wagner peke yake. Watu wa Ulaya wana maneno mawili kwa kiungo kilichopandikizwa: ni mgeni, au ni zawadi. Kiswahili nacho kina hatari zake. Kitenzi chetu, kupandikiza, ni cha mkulima anayehamisha miche ya mpunga, nacho ni kitenzi cha upole. Lakini nomino yake, pandikizi, watu huitumia kwa mtu aliyetiwa kwa siri kati ya wenzake awapeleleze. Ini likiitwa mgeni au pandikizi, tumewarudia askari na vita. Likiitwa zawadi, twauliza mara moja: imetoka kwa nani, na nitalipa nini? Zawadi hutaka uso wa mtoaji, na penye uso usioonekana mtu huchora wa kwake. Ndivyo alivyofanya msimulizi wetu.

Liko neno la tatu, nalo tumelizoea hata hatulioni: amana. Aliyewekewa amana si mwenye mali, wala si mwizi, wala si mdeni wa kawaida. Haulizwi kama anampenda mwenyewe. Aulizwa kama ameitunza. Wenye dini kwetu husema kwamba mwili wote ni amana, hata ule tuliozaliwa nao. Msomaji mkali atasema kwamba amana hurudishwa, na hii haiwezi kurudishwa kwa marehemu. Ni kweli. Lakini kuitunza hata siku ya mwisho ndiko kurudisha kunakowezekana, na kidonge kinachomezwa kwa saa yake kina heshima kwa marehemu kuliko barua ya mapenzi. Mtu hahitaji kulijua jina la aliyemwekea ili awe mwaminifu.

Nikikisoma *Leben* kwa neno hilo mkononi, naona kwamba sehemu zake zenye nguvu ni zile ambamo mtungaji, bila kulitaja, anatenda kama mlinzi wa amana: anapohesabu dawa, anapopimwa, anapoyatunza maneno ya majirani wodini, anapomfikiria binti yake mdogo ambaye kwa ajili yake kuishi si suala la hiari. Zile dhaifu ni zile ambamo anataka kupendwa na aliyekufa. Kitabu kina zaidi ya zile za kwanza, na kwa hiyo nakihesabu kuwa kitabu kizuri, chema kuliko vingi vyenye ushindi mwishoni.

Mtu atakayejaribu kukileta katika Kiswahili ataanguka kwenye jalada, maana ile herufi moja iliyo kati ya ini na maisha haihamishiki. Asihuzunike. Akifika kwenye kurasa za marehemu, atakuwa na neno ambalo Wagner hakuwa nalo.