Dishi limeshuka, mpira umebaki

Jamani, kama bado una dishi juu ya bati, soma hii kabla hujalipia kifurushi cha mwezi ujao. Nimehamishia mpira wangu wote kwenye mtandao. King'amuzi kiko kabatini, fundi ameshateremsha dishi, na sioni kitakachonirudisha huko.

Dakika ya kwanza tu ilinimaliza. Nilipakua AzamTV Max, nikalipia kwa simu palepale kwenye kochi, nikafungua mechi ya Ligi Kuu. Picha ikaja na ukungu kama kioo cha bafuni. Roho ikanipiga paa! Sekunde chache baadaye ukungu wote ukafutika, na mara naona chaki ya mstari imenata kwenye kiatu cha winga, naona beki anavyomvuta jezi kwa vidole viwili huku refa akiangalia kwingine. Kwenye televisheni ileile, ukutani palepale!

Ukungu ule wa mwanzo una sababu yake, na nikiifikiria nazidi kuipenda teknolojia hii. Mechi hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande huandaliwa kwa viwango kadhaa vya ubora. Programu huanza na kipande chepesi ili usikae ukisubiri, hupima nguvu ya mtandao wako, ikiona unahimili inachukua vizito. Mtandao ukiyumba, inashuka kidogo badala ya kuganda. Apple walitoa mfumo wao wa namna hii mwaka 2009, mwaka uleule mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam kupitia baharini. Kumbe yote mawili yalianza safari pamoja, na leo yamekutana sebuleni kwangu.

Halafu mvua! Mwenye dishi anajua masika yanavyomtesa: wingu likitanda tu, picha inavunjikavunjika, kisha kioo cheusi na maandishi kwamba hakuna mawimbi. Mawimbi ya dishi yanatoka kwenye setilaiti iliyo kama kilomita 36,000 juu, na mvua kubwa inayameza njiani. Faiba ya nyumbani kwangu inapita kwenye waya wake. Juzi ilinyesha mpaka mfereji wa nje ukafurika na mpira ukaendelea kana kwamba kuna jua. Umeme ulipokatika nikafungua mechi ileile kwenye simu, nikawasha bando, nikaendelea. Kwa dishi ningekuwa nimekaa gizani nikimpigia mtu simu anisimulie matokeo.

Bando ndilo la kupigia hesabu vizuri. Picha safi inayokula megabiti tatu kwa sekunde itakutafunia karibu GB 2.7 kwa saa mbili. Ukiridhika na picha ya kawaida ya megabiti moja, kwenye skrini ya simu inatosha kabisa, ni kama GB 0.9. Kwa hiyo anayetegemea bando la simu peke yake asikimbilie kuuza king'amuzi. Lakini kama faiba isiyo na kikomo imeshafika mtaani kwenu, unangoja nini?

Kuna tatizo la kuchelewa, na nalisema wazi kwa sababu linauma. Vile vipande lazima vikatwe, visafirishwe, vingine vihifadhiwe mbele ili picha isikatike, kwa hiyo mtandao unaweza kuachwa nyuma na dishi hata kwa nusu dakika. Siku ya Simba na Yanga, kibanda umiza cha jirani kinalipuka kwa kelele wakati wewe bado unaona kona inawekwa. Nimezima arifa za magrupu yote ya WhatsApp na kuongeza sauti, na kwa mechi nyingine zote hilo limenitosha. Dabi hiyo ya Kariakoo nitaendelea kuifuata Uwanja wa Mkapa, tiketi ikipatikana.

Ukitaka kila kitu, utashika programu zaidi ya moja. Ligi yetu iko Azam, ambao mwaka 2021 walisaini na Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Ligi ya England iko SuperSport, na mwenye kifurushi cha DStv anaifuata kwa DStv Stream. Wapenzi wa kikapu wana NBA League Pass. Lakini hebu ona mtandao ulivyotufungulia milango mingine! Kombe la Dunia la Klabu la 2025, mechi zote 63, DAZN walizirusha bure dunia nzima. Ndiko nilikomwona Lucas Ribeiro wa Mamelodi Sundowns akiubeba mpira kutoka katikati ya uwanja, akiwapita mabeki wa Borussia Dortmund na kumtungua kipa. Sundowns walifungwa 4-3, ndiyo, lakini bao lile nimelirudia mpaka nalijua kila hatua. Klabu ya Afrika, kombe la dunia, bila kulipia kifurushi hata senti! Miaka kumi nyuma nani angekubali?

AFCON ya 2027 inakuja hapa kwetu, Tanzania, Kenya na Uganda, na nataka kila mtu awe ameshazoea mapema. Ukiamua kuhama, anza na mechi ya kawaida ya katikati ya wiki. Pakua programu, ingia, lipia, ifungue kwenye televisheni, kisha zima televisheni makusudi na uihamishie kwenye simu. Ikikubali mara zote mbili, mwite fundi ashushe dishi.