Kupima Ramani ya Mji Iliyochongwa kwenye Shaba

Ukibahatika kushika ukurasa wa Palmanova, mji wa ngome wenye umbo la nyota, kutoka Civitates Orbis Terrarum, kitabu cha miji cha Georg Braun na Frans Hogenberg kilichotolewa Köln kwa juzuu 6 kati ya 1572 na 1617, usiharakie kuishangaa nyota. Anza na kidole.

Kipitishe pembezoni mwa picha. Bamba la shaba likikandamizwa juu ya karatasi yenye unyevu huacha mbonyeo; usipoukuta, shuku. Inua karatasi ielekee mwanga: ya zama zile huonyesha mistari ya nyaya za kiunzi kilichotumika kuitengeneza. Kisha chunguza vivuli. Shaba ni laini, huchakaa kadiri inavyochapa, na mistari myembamba ndiyo hutoweka kwanza. Kivuli kilichofifia ni dalili ya bamba lililochoka. Rangi nayo isikuhadae, kwani nyingi zilipakwa karne za baadaye. Kijani cha kale kilichotengenezwa kwa shaba hula karatasi. Geuza uone kama nyuma pamegeuka kahawia.

Sasa soma nyota. Venice iliasisi Palmanova tarehe 7 Oktoba 1593, siku ya kukumbuka ushindi wa Lepanto wa 1571 dhidi ya Waothmani. Buruji ni 9, zimepangwa ili mizinga ya kila moja iilinde jirani yake. Malango ni 3, na katikati pana uwanja wenye pembe 6. Umbo hilo lilikuwa silaha, na papo hapo lilikuwa tangazo: dola inayoweza kuunyoosha mji hivi haishindwi na adui. Mchongaji hodari hukuonyesha yote mawili. Jicho litoke langoni, lifuate mtaa, lifike uwanjani bila kukwama. Likikwama, umeshika pambo.

Mwisho, uliza: mchongaji aliuona mji wenyewe? Juzuu ya kwanza inaziweka Mombasa, Kilwa, Sofala na Aden kwenye ukurasa mmoja, na bamba lake lilitengenezwa Köln, mbali na matumbawe na mikoko. Hata Palmanova ilichorwa kama mji uliokamilika ilhali ulikuwa haujatimiza miaka kumi. Barabara zilinyooka, wakazi hawakuja. Mwaka 1622 Venice ililazimika kuwasamehe wafungwa na kuwapa viwanja ili wakubali kuishi ndani ya nyota ile.