Pongezi kwa Mayaya wa Kitale na Bungoma

Riwaya ya Kathryn Stockett, The Help (2009), inasimulia habari za wanawake weusi waliolea watoto wa wazungu huko Mississippi, Marekani. Sisi nasi tuna simulizi ya kwetu. Wakoloni waliitenga Trans Nzoia, iliko Kitale, iwe ya walowezi, huku Bungoma ikibaki upande wa Waafrika. Katika nyumba za walowezi, Waafrika ndio waliopika na kufua. Mtu mzima mwenye wajukuu akaitwa “boi”, kipande, yaani kitambulisho cha kazi, kikining'inia shingoni.

Mlowezi aliondoka, kazi ikabaki. Leo, kabla hakujapambazuka vizuri, yaya ameshakoroga uji wa wimbi, ameipiga pasi sare ya shule na kumfunga mtoto kamba za viatu, huku mwajiri akikimbilia matatu. Mwalimu, muuguzi na mwenye duka wanafika kazini kwa sababu yake.

Ibara ya 41 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na ya kujiunga na chama. Wafanyakazi wa majumbani wana chama cha KUDHEIHA. Hongereni, mayaya! Nasi waajiri tulipe kwa wakati, tutoe siku ya mapumziko: sifa tupu hazilipi karo ya wana wenu.