Mzee wa Pangoni na Njia ya Kumwendea

Katika hadithi nyingi mwenye hekima hukaa mbali na watu: mlimani, msituni, au katika nchi isiyoonekana kwenye ramani yoyote. Wanafunzi wetu humpenda mzee huyo, na katika insha zao humwumba tena na tena, kwa ndevu nyeupe, mkongojo na maneno ya mafumbo. Yafaa tujiulize: anakaa mbali kwa sababu gani? Mtunzi asiyeweza kulijibu swali hili hajaumba mwenye hekima. Ameumba mtu mkimya tu.

Tuanze na yaliyo karibu nasi. Wazaramo, ambao Kisarawe na Kibaha ni sehemu ya nchi yao, walikuwa na Kolelo, mzimu wa pango katika milima ya Uluguru. Mvua ilipokosekana, wajumbe walifunga safari na zawadi zao, wakapanda mlima, wakawauliza watunzaji wa pango, kisha wakarudi na jibu. Kwa nini wapande huko, hali bahari i karibu zaidi? Sisi twadhani jibu limo katika mto Ruvu. Mto huo, ambao maji yake hupita Kibaha, chimbuko lake ni Uluguru. Mkulima wa bondeni alijua maji yake yatokako, akalipeleka swali lake huko huko. Basi umbali wa Kolelo haukuwa pambo la hadithi. Ulikuwa ni umbali uliopo baina ya shamba na jicho la maji.

Njia hiyo ilikuwa na kwenda na kurudi, na kurudi ndiko kwenye hatari. Ebrahim Hussein amelionyesha jambo hili vizuri katika tamthilia ya Kinjeketile (1969). Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa mtu wa kweli, na Wajerumani walimnyonga mwaka 1905. Katika tamthilia anatoka mtoni na maji na neno. Watu wanalipokea neno hilo, nalo linakua hata likamshinda mwenyewe. Hussein hamchori mwonaji kuwa mjuzi wa yote. Anamchora mtu anayeogopa yale ambayo wasikilizaji watayafanya kwa jibu lake. Hapo ndipo penye uzito wa kazi ile.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyefariki mwaka 2020, aliigeuza njia hiyo. Katika Mzingile (1991) msafiri anapanda kumtafuta mzee akaaye peke yake, na anachokikuta kwake ni uchovu kuliko msaada. Wahakiki wamemfasiri mzee huyo kuwa ni sura ya Mungu. Wako walimu wanaoilalamikia riwaya hii kwa ugumu wake. Kwa maoni yetu, nguvu yake imo katika kukata tamaa huko huko: aliyewahi kusikia habari za wajumbe waliorudi na jibu ndiye atakayeona uchungu wa kupanda mlima na kushuka mikono mitupu. Kasoro yake ni kwamba bonde halionekani vya kutosha. Twamjua apandaye kuliko tunavyowajua watu anaowaacha nyuma, na kwa hiyo hasara yake yaelekea kuwa ya mtu mmoja.

Hatusemi kwamba kila mtunzi arejee pangoni kwa Kolelo, wala kwamba vijana waamini yale waliyoyaamini babu zao. Twasema kwamba mtoto wa Kibaha anayekunywa maji ya Ruvu, na asijue kuwa wazee wake waliuandama mto huo kwa maswali, atamwazima mzee wa pangoni kutoka vitabu vya wengine, na mzee huyo hatakuwa na la kumwambia. Kwa hiyo mwalimu akipokea insha ya namna hii asiishie kusifu maelezo ya ndevu na mkongojo. Amwulize mwanafunzi wake: ni nani waliomtuma msafiri, wamepungukiwa na nini, na watafanya nini na jibu atakaporudi nalo?