Uso kwanza, nguo baadaye

Anayepiga video ya arusi au ya wimbo huko Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, hushawishika kuanza na nguo: suti, viatu, liputa mpya, kisha ndipo watu wenyewe. Si ajabu, katika eneo ambalo wafanyabiashara wake hufuata mizigo hadi Dubai na Guangzhou. Funny Face, filamu ya nyimbo na vichekesho ya Stanley Donen ya mwaka 1957, inahusu jarida la mitindo, lakini imejengwa kinyume: nguo imecheleweshwa kwa makusudi. Audrey Hepburn anatokea kwanza kama muuza vitabu wa New York, ndani ya gauni la sufu lisilo na umbo. Kisha, katika chumba cha kusafishia picha, taa nyekundu inameza rangi zote na Fred Astaire, anayeigiza mpiga picha, anakuza uso wa Hepburn tu. Halafu, katika kilabu moja ya Paris, anacheza akiwa amevaa nyeusi. Hepburn alitaka hata soksi ziwe nyeusi. Donen alishikilia ziwe nyeupe, maana mle ndani mna giza, na mguu mweusi ungepotea pamoja na uchezaji wake. Tumekwisha kuuzoea uso, kisha miguu, ndipo nguo za mbunifu Hubert de Givenchy zinafika, na kila pozi linaganda kuwa picha tuli, kazi ya mpiga picha Richard Avedon. Gauni jekundu linaposhuka ngazi za Louvre, tunamwona anayekimbia kabla ya kuliona gauni.

Mtu atasema filamu nzima ni tangazo la Givenchy. Lakini pale nguo zinapomwagwa mbele yetu bila mtu wa kumjali, katika wimbo wa mwanzo kuhusu rangi ya waridi, zinachekwa: mhariri anayeiamuru nchi nzima ivae rangi hiyo mwenyewe haigusi.

Kongo tuna mfano wetu, La Vie est Belle ya mwaka 1987, ya Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, na Benoît Lamy. Papa Wemba, mfalme wa Sape, yaani utamaduni wa kuvaa kimaridadi, anaigiza Kourou, kijana anayetaka kuimba lakini anaishia kuwa boi wa mwenye kilabu Kinshasa. Ni kweli, hadithi ni ya umaskini, si ya mitindo. Ila angechaguliwa mwimbaji mwingine, tungeona maskini tu. Kwa Wemba, kila shati chakavu linachekesha kwa sababu ya suti tunazozijua. Udhaifu upo hapohapo: mgeni asiyeijua Sape kichekesho hicho kilimpita, ilhali Hepburn alikuwa amekwisha kuonekana na nguo za Givenchy katika Sabrina ya mwaka 1954. Msanii wa Butembo asiyejulikana bado hana akiba hiyo. Itabidi aijenge ndani ya video ileile, na suti yake ingoje walau ubeti wa pili.