Dakika Moja ya Siki

Siki ya kupimia saratani ya mlango wa kizazi haina makuu. Ni asidi asetiki ya asilimia 3 hadi 5, haipishani sana na ile tunayomiminia kachumbari. Muuguzi anachovya pamba, anapaka, halafu anasubiri dakika nzima. Kwa mwanafunzi, dakika hiyo ni ndefu kuliko mchana wa Ramadhani. Anataka kuchungulia, anataka kusema neno. Mkufunzi aliyesimama nyuma yake anatazama saa ya ukutani. "Bado, dada. Ngoja."

Nimeanza na kungoja kwa sababu tunapowasifu wauguzi huwa tunasifu huruma yao tu, tukasahau kwamba wana jicho lililofundwa.

Seli zilizoanza kuharibika zimejaa protini, na siki huigandisha kwa muda, seli zikageuka nyeupe. Kazi ni kwamba weupe huo una ndugu wengi. Kuna ute ulioganda, ambao pamba ikipita unaondoka. Kuna weupe hafifu wa uvimbe wa kawaida, usiojulikana unaanzia wapi wala unaishia wapi. Kuna vifuko vidogo vya ute visivyo na neno. Halafu kuna ule unaotafutwa: mzito, kingo zake wazi, umeshika pale utando wa waridi wa nje unapokutana na mwekundu wa ndani. Ndiyo maana mafunzo huanza kwa picha juu ya picha, yakaja kwenye sanamu ya plastiki, ndipo mwanafunzi akabidhiwe taa na spekulamu, kifaa cha kufungulia uke. Na fundi wa kweli anajua siki inapomtupa mkono. Kwa mama aliyekoma hedhi, mpaka ule mara nyingi umeshajificha ndani. Muuguzi asiyeuona kisha akasema "uko salama" amedanganya, hata kama kwa nia njema.

Mdomo nao hufundwa. Binti wa miaka 25 anampima mama wa miaka 48: ataanza na shikamoo, hataanza na "vua nguo". Weupe ukionekana, saratani haitajwi ovyo, kwa kuwa mara nyingi bado si saratani. Ni mabadiliko ambayo yakiachwa kwa miaka yanaweza kufika huko. "Mama, kuna sehemu imebadilika kidogo. Tunaweza kuitibu leo hii hii." Ikiwa ndogo, inaunguzwa kwa joto au kugandishwa kwa baridi, na mama anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ikiwa kubwa, au imezama ndani, anaandikiwa rufaa. Maneno hayo yakisemwa vibaya mara moja tu, mama harudi tena, na jirani zake hawaji kabisa.

Hawa ndio huishia Ocean Road, Dar es Salaam, kwenye majengo ya enzi za Wajerumani yaliyo na taasisi ya saratani tangu 1996. Wengi hufika ugonjwa umeshakomaa.

Najua kuna chanjo. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Najua pia kwamba tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limetanguliza kipimo cha vinasaba vya HPV, kirusi kinacholeta saratani hii; kwa kipimo hicho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Vije, tena haraka. Lakini atakayekutwa na kirusi bado atahitaji mtu wa kumtazama, kumweleza na kumtibu, na mtu huyo kijijini ni muuguzi yule yule. Wanaosema ufundi huu umepitwa na wakati hawajawahi kukaa kwenye benchi la zahanati.

Kwa hiyo, dada yangu msomaji, kama una miaka kati ya 30 na 50, nenda kapimwe; unayeishi na VVU usingoje kufika 30. Na ukiona muuguzi amenyamaza anatazama saa, usimharakishe.