Muwala katika Santuri "Younger Than Yesterday"

Santuri "Younger Than Yesterday", iliyotolewa na kundi la The Byrds la Marekani mwezi wa Februari 1967, huweza kudhaniwa kuwa imekosa muwala: saikedelia upande mmoja, muziki wa kantri upande wa pili. Dhana hiyo inadai umoja wa kuyeyushana. Katika soko la Isiolo, Mborana, Msomali, Mmeru na Mturkana huuziana kwa Kiswahili, na hakuna anayeitupa lugha yake langoni. Katika santuri hii, kazi hiyo ya Kiswahili inafanywa na uimbaji wa sauti zilizopangana.

Hata kantri yake haikutoka Marekani ya wazungu peke yake. Chris Hillman, mtunzi wa "Time Between", amesimulia kuwa alipata ujasiri wa kutunga baada ya kushiriki kurekodi nyimbo za Letta Mbulu wa Afrika Kusini, katika kikao kilichoandaliwa na Hugh Masekela. Tarumbeta ya Masekela, tena, ndiyo inayoupamba wimbo wa kwanza.

Wimbo dhaifu ni "Mind Gardens" wa David Crosby. Wanamapokeo wa ushairi wetu wangeulaumu, bila shaka, kwa kutupa vina na mizani. Kosa haliko hapo: Crosby anaimba peke yake, na hakuna anayemwitikia.